Jumapili Isiyosomwa

Mimi na Aikaeli tunatenganishwa na ukuta mmoja, hapa Soweto, Moshi mjini. Ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, mpole, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya usharika wake. Kwa miaka mitano nilimsikia akiimba kila asubuhi wakati anapiga deki. Tangu Aprili ya mwaka juzi, Jumatatu haimbi. Siku nyingine anaimba kama zamani, lakini Jumatatu ukuta unakuwa kimya mpaka aondoke kwenda kazini. Nilikaa na jambo hilo miezi kadhaa kabla ya kumuuliza. Akanijibu kidogo kidogo, tukianika nguo, tukichagua mchele, mpaka nikalipata lote. Ninaliandika kwa ruhusa yake.

Kwao ni Kiraso, kitongoji kilicho ng'ambo ya korongo ukitoka Kilema. Watu wa Kilema ni Wakatoliki, wa Kiraso ni Walutheri, na korongo lenyewe ni jembamba kiasi kwamba mtu akiita huku anajibiwa kule. Nyumba ya baba yake, Mzee Eliufoo, imesimama chini ya genge la udongo mwekundu. Babu ndiye aliyeuchimba mlima ili apate mahali tambarare pa kujenga. Kaburi lake lipo hapo hapo kihambani, shamba la ukoo, katikati ya migomba, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kufikiria kuihamisha nyumba.

Aikaeli anafanya kazi katika ofisi ndogo mjini inayotoa tahadhari za maporomoko ya udongo. Ofisi imegawa vipima mvua kwa familia ishirini na mbili huko mlimani. Kila siku saa tatu asubuhi mwenye kipimo anasoma milimita, anatuma namba kwa simu, anamwaga maji. Aikaeli anaziingiza namba hizo kwenye jedwali. Saa tatu na nusu ramani inatoka na ujumbe unakwenda kwa kila familia: nyekundu ni hatari, watu watoke, kijani ni salama. Baba yake ni mmoja wa wasomaji hao. Upande wa Kilema msomaji ni mjane anayeitwa Theopista.

Jedwali lenyewe hukaa ndani ya R, lugha ya kompyuta ya watu wa takwimu. Ni lugha yenye subira, alivyoniambia, ila ni ya polepole. Kupima udongo umelowa kiasi gani, kituo kwa kituo, siku tatu tatu, pamoja na kumbukumbu za mvua za miaka arobaini, kungechukua asubuhi nzima. Hivyo Basili, fundi aliyekuwepo kabla yake, aliiandika hesabu hiyo kwa C++, lugha ambayo hugeuzwa kwanza kuwa maagizo ya mashine na kisha hukimbia kama maji ya mteremko. Basili akahamia Dodoma. Kazi iliyobaki kwa Aikaeli ilikuwa kivuko: kuchukua safu za jedwali kutoka R, kuzikabidhi kwa ile programu, na kupokea majibu yanayorudi.

Sasa kuna jambo la Jumapili. Mzee Eliufoo ni mzee wa kanisa, na kusoma kipima mvua kwake ni kazi. Jumapili hasomi. Jumatatu anasoma maji ya siku mbili kwa pamoja na kutuma namba moja. Wasomaji kumi na mmoja, yeye akiwamo, wote wa sharika za huko juu, wana mtindo huo huo. Theopista yeye huenda misa ya kwanza, akarudi, akasoma, na hakuna padri aliyemgombeza. Ofisi ilijaribu kuwashawishi Walutheri wale ikashindwa. Aikaeli hakuwashawishi hata siku moja. Alilelewa na mtu wa namna hiyo.

Alichofanya ni kuiacha Jumapili yao wazi kwenye jedwali. Hakuandika sifuri. "Hakusoma si sawa na haikunyesha," alimwambia Fabian, mkuu wa ofisi. R ina alama yake ya mahali pasipojulikana, na inaiheshimu: ukijumlisha namba na kisichojulikana, inakujibu kwamba haijui. Zile namba zilipokuwa za desimali, alama hiyo ilivuka salama mpaka upande wa C++ na kurudi. Kituo kikawa cha kijivu kwenye ramani, na ofisi ikajua kwamba lazima ipige simu kijijini kuuliza hali ikoje.

Kila Jumapili mpaka Jumanne ramani ilijaa kijivu, na kupiga simu kumi na moja huko mlimani ni kazi ya kuchosha.

Februari ya mwaka ule kompyuta ya ofisi ilianza kulemewa. Aikaeli akaona kwamba wasomaji wote hutuma milimita kamili, thelathini, arobaini na mbili, hakuna nukta. Akazigeuza safu za mvua kuwa za namba kamili, ambazo huchukua nusu ya nafasi. Akageuza na mlango wa upande wa pili uzipokee hivyo. Programu ikakimbia vizuri. Na kijivu kikaisha.

"Aika, ramani imetakata," Fabian alisema Jumatatu iliyofuata. "Ulifanya nini?"

"Nilipunguza mzigo."

"Basi endelea kupunguza."

Aliniambia kwamba alijisikia vizuri siku ile. Alifikiri labda ile hesabu ya Basili ina njia yake ya kuruka mahali palipo wazi. Hakuangalia. Februari ni kavu, Machi ilikuwa kavu karibu yote, vituo vyote vilikuwa kijani, na kijani kilionekana cha kweli.

Mvua ilianza Ijumaa moja ya Aprili na haikupumzika. Jumapili hapa mjini tulikuwa tunaweka ndoo sebuleni. Jumatatu Aikaeli alifika ofisini miguu imelowa, akaingiza namba, akaendesha programu. Saa tatu na nusu ujumbe ukaondoka. Kisha akamimina chai, akarudi kuitazama ramani kama mtu anavyotazama kitu alichokwisha kumaliza.

Kilema ilikuwa nyekundu. Kiraso ilikuwa kijani.

Alisema kwamba hakuogopa mara moja. Kwanza vidole vilipoa, na ndipo akili ikaanza kuuliza kwa nini.

"Fabian, njoo uone. Hapa na hapa ni kuitana."

Fabian alikuja na kikombe chake. "Mvua ya mlimani ina mambo yake, dada. Inanyesha mgomba huu, mgomba ule unabaki mkavu."

"Baba ametuma mia na kumi na nane."

"Ya siku mbili."

"Hata kama ni ya siku mbili. Jumamosi alituma sitini na nne. Hiyo si kijani, Fabian. Hiyo haiwezi kuwa kijani."

Fabian aliitwa kwenye simu akaondoka. Aikaeli alifungua programu ya Basili na kuongeza mstari mmoja wa kumwonyesha jumla ya Kiraso kabla haijafanyiwa lolote. Akaigeuza upya kuwa ya mashine. Anasema dakika ile ya kusubiri ndiyo ndefu kuliko zote, maana alikuwa tayari amejua kwamba atakachokiona kitakuwa chake.

Jumla ikatokea: -2147483466.

Alielewa papo hapo. Upande wa C++ hakuna kisichojulikana katika namba kamili. Kila nafasi lazima iwe na namba. R, ili iweze kukumbuka mahali palipo wazi, huificha alama yake ndani ya namba ndogo kuliko zote zinazowezekana, hasi bilioni mbili na zaidi, na R peke yake ndiyo inayojua kwamba hiyo si namba. Programu ya Basili haikuwa na habari. Ilipokea Jumapili ya Mzee Eliufoo kama ukame wa bilioni mbili, ikajumlisha mia na kumi na nane, ikajumlisha sitini na nne, na mvua yote ile ikawa tone. Halafu kulikuwa na mstari mwingine. Basili hupunguza maji yanayonyonywa na migomba na jua, na jumla ikishuka chini ya sifuri anaifanya sifuri. Mstari huo ulilifuta lile dubwana kila mara kabla halijafika machoni pa mtu. Kilichorudi kwenye jedwali kilikuwa sifuri safi. Udongo mkavu. Kijani.

Vituo kumi na kimoja. Kila Jumapili, Jumatatu na Jumanne, tangu Februari.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hajalisema ofisini mpaka leo. Hakumwita Fabian. Alichukua simu akapiga nyumbani.

Simu ya baba yake haikupatikana. Ya mama yake, Rachel, haikupatikana. Umeme ulikuwa umekatika huko juu tangu Jumamosi, na simu huzimwa ujumbe ukishasomwa ili kutunza chaji. Akapiga tena, na tena. Akampigia Theopista.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Aika. Mbona unahema kama umepanda Kilema kwa miguu?"

"Mama, unaiona nyumba yetu?"

"Naiona. Moshi unatoka jikoni. Mama yako anapika."

"Wewe umetoka?"

"Mimi nyekundu, mwanangu. Nimefunga mzigo, niko uani, nakwenda misheni na wenzangu. Baba yako ametucheka kweli. Amesimama pale mgombani akapaza sauti, 'Kilema nyekundu, Kiraso kijani! Mungu anawaona wanaoitunza siku yake!' Nikamwambia, wewe Eliufoo, na hiyo mvua ya jana, siku yake, nani aliinyesha?"

Theopista alikuwa anacheka. Aikaeli alikuwa amekaa sakafuni chini ya meza, hakumbuki alifikaje.

"Mama, waite. Waambie watoke sasa hivi, wapande kanisani."

"Watoke? Si mmewaambia kijani?"

"Waite, mama. Nakuomba."

Akasikia simu inashushwa, na mvua kwenye mabati, na sauti ya Theopista ikivuka korongo, ndefu, kwa Kichagga, kama watu wanavyoitana msibani. Kisha kitu kidogo cha mbali, ambacho kilikuwa sauti ya baba yake.

"Anasema hatoki," Theopista alirudi kwenye simu. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Anasema ujumbe wake ni kijani. Anasema amesomesha binti ili apate kuambiwa ukweli, na binti amemwambia."

Aikaeli aliniambia kwamba aliyasikia maneno hayo na kwa mara ya kwanza maishani akatamani kama asingependwa na baba yake.

"Mwambie binti amekosea."

"Nini?"

"Mwambie Aikaeli amekosea hesabu."

"Nimwambie hivyo hivyo? Aika, hapa bonde zima linasikia. Nyumba zote ziko nje zinatazama mvua. Mke wa mchungaji nampungia mkono hapa."

"Hivyo hivyo, mama. Taja jina langu."

Theopista hakuuliza tena. Aikaeli alibana simu sikioni kwa mikono miwili na akasikia jina lake likirushwa hewani mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Aikaeli amekosea. Aikaeli mwenyewe anasema amekosea. Eliufoo, tokeni, mtoto anasema amekosea. Mahali fulani mbwa alianza kubweka. Mwanamke mwingine, ambaye sauti yake hakuitambua, alilidaka neno na kulipeleka mbele, amekosea, amekosea, likishuka na korongo. Kisha simu ikakatika.

Alipotoka chini ya meza aliangalia saa. Dakika kumi na moja. Kwa dakika kumi na moja, vituo vingine kumi vilikuwa na kijani cha uongo na yeye peke yake ndiye aliyejua. Ndipo akaenda mlangoni kwa Fabian.

"Kijani chote cha Walutheri ni cha uongo," alisema. Hakupata maneno mengine.

Fabian alimtazama uso, akakata simu aliyokuwa anaongea. Hakumlaumu. Alisoma ile namba kwenye skrini, akauliza swali moja tu, "Tangu lini?" na alipojibiwa alikaa kitako polepole kama mzee. Kisha wakafanya kazi. Fabian alituma ujumbe mpya kwa vituo vyote kumi na kimoja, akaanza kupiga simu kwa wenyeviti wa vitongoji. Aikaeli alizirudisha safu kuwa za desimali, akaweka sharti mlangoni kwamba mahali palipo wazi pasivuke bila kutambuliwa, akaendesha upya. Vituo kumi na kimoja vikawa vya kijivu. Halafu akaondoa alama kwa mkono, akagawa namba ya Jumatatu kwa siku mbili ili kupata makadirio. Saba vikawa vyekundu. Kiraso kilikuwa cha kwanza.

Saa nne na nusu. Saa tano. Simu ya baba haipatikani, ya mama haipatikani, na sasa ya Theopista pia. Wenyeviti wanne walipatikana, kisha watano. Kila aliyepatikana alisema watu wanatoka. Kiraso hapakuwa na aliyepokea. Fabian alimwambia aende nyumbani akapumzike, akamjibu kwamba nyumbani ndiko kunakomtisha. Aliniambia kwamba saa zile mbili alikuwa anasikia sauti ya maji kila mahali, ndani ya mfereji wa ofisi, ndani ya bomba, ndani ya kichwa, na kila sauti ilikuwa genge. Alijaribu kusali na hakuweza kuvuka neno la kwanza. Alichokiona akifumba macho ni mikono ya baba yake ikimimina maji ya kipimo, taratibu, ikiangalia mstari, ikiandika mia na kumi na nane bila kukosea. Baba alikuwa amesoma sawasawa. Namba yake ilikuwa ya kweli mpaka ilipofika kwa mwanawe.

Saa saba kasorobo simu yake iliita, namba asiyoijua.

"Aikaeli."

"Shikamoo baba." Ilitoka yenyewe, kwa mazoea.

"Marahaba. Nazungumza kwa simu ya mchungaji." Nyuma yake watu wengi walikuwa wanaongea. "Lile genge limekuja."

"Mama?"

"Mama yako yupo. Tuko kanisani. Ananigombeza kwa sababu ya sufuria ya kiburu iliyobaki jikoni. Namwambia jiko lenyewe halipo, yeye anauliza sufuria." Akasogea mbali na kelele. "Limechukua jiko, na banda, na upande wa chumba chetu cha kulala. Ng'ombe tulimfungua. Kipimo chako nacho kimekwenda."

Kisha baba yake akasema, "Theopista amelitangaza jina lako mpaka Marangu."

"Nisamehe, baba."

"Nilikuwa nimeketi kula. Nilisikia, nikasema huyu mwanamke anajilipizia kwa vile nilivyomcheka. Nikasikia na mke wa mchungaji. Nikasema, Aikaeli hawezi kusema amekosea mbele ya watu ila iwe kweli." Akakohoa. "Ndipo nikainuka."

Katika vile vituo vingine pia hakuna aliyekufa siku ile. Mahali pawili barabara ilikatika. Ofisi iliandika taarifa, Fabian akaandika ndani yake kwamba kosa lilikuwa la mfumo, na Aikaeli aliposoma akaomba aandike la nani. Fabian alikataa, wakabishana, na taarifa ikaondoka ilivyo.

Wazazi wake walijengewa na usharika upande wa juu, mbali na genge, ingawa mzee hushuka kila siku kupalilia kaburi la baba yake. Kipimo kipya kipo uani. Jumapili bado hakigusi. Ila sasa Theopista akitoka misa hushuka korongo na kupanda upande wa pili, anakisoma, anamwaga maji, na kutuma namba kwa simu yake mwenyewe, na Mzee Eliufoo anamsubiri mlangoni na kikombe cha chai.

"Leo nimekufanyia kazi tena, mlokole," humwambia.

"Hujanifanyia mimi. Unaifanyia serikali."

"Basi serikali initilie sukari."

Aikaeli hunisimulia hayo na kutabasamu. Lakini zipo Jumapili ambazo Theopista anaumwa goti, na wapo wale wengine kumi, na ramani ya Jumatatu huwa na kijivu chake tena. Amerudia zile namba za kuanzia Februari hadi Aprili, Jumatatu moja baada ya nyingine, akaona kulikuwa na moja nyingine, mwishoni mwa Machi, ambayo ingepaswa kuwa nyekundu kwenye kituo kimoja cha juu ya Sanya Juu. Hakuna kilichoporomoka siku ile. Watu walikwenda shambani na kurudi, hawakujua lolote, na hawajui mpaka leo. Siku ile ndiyo anayoiota zaidi, kuliko hata ya Kiraso.

Jumatatu huondoka saa kumi na mbili na nusu. Nasikia ufunguo, nasikia viatu kwenye kokoto. Akifika ofisini anatafuta kwanza vile vya kijivu, anavihesabu, anavipigia simu vyote. Halafu anakuja kwenye kijani, na kila kijani anakifungua kuona kuna nini ndani.